Kwa Nini Sumaku Alisinzia Kazini

Tak-tak-tak-tak.

Cherehani ya Mama iliamka kabla ya jua. Ilikuwa sauti ndogo tu, ya kanyagio la chuma likipanda na kushuka. Mama alikuwa fundi wa kushona sare. Alizipenda saa zile za alfajiri, kwa sababu hapakuwa na mteja wa kuchungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi, bado?"

Taa moja iliwaka juu ya sindano. Kwingine kote nyumbani kulikuwa giza.

Nyuma ya pazia alilala binti yake, na alikuwa anakoroma. Mkoromo wake ulikuwa mzito, kama mtu anayeburuta meza sakafuni. Mama alikanyaga, binti akakoroma. Mama alikanyaga, binti akakoroma.

Halafu mkoromo ukakatika.

Mama akasimamisha miguu. Akalishika gurudumu la cherehani kwa kiganja ili lisizunguke. Akangoja. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Mama akatabasamu peke yake.

"Sasa mwanangu amepata usingizi," alijiambia.

Baada ya muda mkoromo ukarudi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Ukaendelea kama mwanzo, na Mama naye akaendelea kushona.

Ndivyo walivyozoea. Binti akikoroma, mama hushona. Binti akinyamaza, mama hungoja, asije akamwamsha. Hakuna aliyemfundisha Mama kufanya hivyo. Ulikuwa ni upendo tu.

Binti huyo alikuwa mtu mzima. Alipokuwa mdogo, kazi yake nyumbani ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni na kuokota pini zilizomdondoka mama yake. Aliipenda sana kazi hiyo. Watu wakaanza kumwita Sumaku, na jina likamganda kama pini.

Sumaku alizaliwa na hali ya Down. Alichelewa kutembea na alichelewa kusema. Kusoma alijifunza polepole, herufi moja baada ya nyingine. Lakini alipojifunza jambo, hakulisahau.

Alifanya kazi katika duka la dobi, mtaa wa pili. Duka hilo lilifua mashuka ya nyumba za wageni, na Sumaku alikuwa mkunjaji. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika pembe mbili upande huu, mwingine upande ule. Sumaku ndiye aliyekuwa akiita.

"Vuta! Kunja! Njoo!"

Wakikutana katikati, alipokea pembe za mwenzake na kumwambia, "Asante, bosi." Alimwambia hivyo kila mtu, hata aliyeajiriwa jana. Na mashuka yake yalilala pembe juu ya pembe, bila kasoro.

Lakini siku hizi mambo yalikuwa yamebadilika. Sumaku aliamka amechoka. Kichwa kilimuuma asubuhi. Alisinzia mbele ya kikombe cha chai, akasinzia kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi. Zamani alikuwa mtu wa utani. Sasa alinuna kwa jambo dogo.

Mjomba wake, ambaye alikuwa kinyozi na alikaa chumba cha uani, alimtania.

"Dada, mwanao ana usingizi wa pono," alimwambia Mama. "Usiku anaendesha trekta, mchana analiegesha."

"Mimi si trekta," alisema Sumaku bila kufungua macho. "Trekta ni wewe. Unanuka mafuta."

"Haya ni mafuta ya nywele."

"Mafuta ni mafuta."

Mjomba alicheka. Kisha alipunguza sauti.

"Lakini Dada, ndivyo walivyo. Watu wenye hali yake wakikua huchoka upesi. Tusimsumbue. Tumwache alale."

Mama aliona maneno hayo yana huruma ndani yake. Basi akamlaza Sumaku mapema zaidi. Akamshonea mto mnene, uliojazwa vipande vya vitambaa mpaka ukafura. Sumaku akalala sana. Na bado aliamka amechoka.

*

Alasiri moja, Bi Dobi alikuja nyumbani mwenyewe. Huyu ndiye mwenye duka la dobi, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyochujuka kwa maji na sabuni. Sumaku alitembea mbele yake, kichwa chini. Bi Dobi alikuwa na shuka kwapani.

"Karibu, Bi Dobi. Kulikoni saa hizi?"

"Ni kwema, Mama Sumaku. Lakini si kwema sana."

Alilikunjua shuka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Katikati palikuwa na alama ya kahawia, yenye umbo la pasi.

"Mkono wangu ulisimama," alisema Sumaku. "Usingizi ulinivuta."

"Alisinzia amesimama," alisema Bi Dobi. "Pasi mkononi. Namshukuru Mungu nilikuwa karibu. Shuka si kitu, mama. Mashuka yataungua mengine. Je, ingekuwa mkono wake?"

Mama alimtazama binti yake. Akaushika mkono wake, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa mzima.

"Sasa unasemaje, Bi Dobi?"

"Nasema apumzike nyumbani. Nafasi yake nitamwekea mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi ukiisha hivi hivi, itabidi nitafute mkunjaji mwingine. Naumia kusema hivyo. Kazi imepoa tangu aanze kusinzia. Hakuna anayeita."

"Mimi si mvivu," alisema Sumaku.

"Hakuna aliyesema wewe mvivu."

"Mjomba alisema trekta."

Bi Dobi alitaka kucheka, akajizuia. Alilikunja lile shuka lililoungua. Alijaribu kulikunja peke yake, na pembe zikamshinda. Sumaku akasimama, akashika upande wa pili. Wakalikunja pamoja.

*

Alfajiri ya pili yake, mlango uligongwa taratibu. Alikuwa Sista, muuguzi aliyeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa ameiacha sare yake kwa Mama itiwe zipu mpya, na alitaka kuichukua kabla ya zamu.

"Keti, Sista. Nimebakiza mshono mmoja."

Sista alikaa kwenye benchi la wateja na kikombe cha chai ambacho Mama hakusahau kumpa. Cherehani ililia, ikanyamaza. Ikalia tena, ikanyamaza tena.

"Fundi, mashine yako ina tatizo?"

"Haina. Kwa nini?"

"Naona inasimama-simama."

Mama alicheka kwa sauti ya chini. "Si mashine, ni mimi. Unamsikia Sumaku? Akikoroma nashona. Akinyamaza nangoja. Wakati huo ndio anaopata usingizi mzuri, sipendi kumkatiza."

Sista hakucheka. Aliweka kikombe chini. Mkoromo ulikuwa umekatika tena, na Sista aliinua mkono, kama mtu anayesimamisha gari. Walisikiliza wote wawili. Kimya kilirefuka. Kisha Sumaku alikoroma kwa kishindo, na Sista akashusha mkono.

"Kimya hiki hutokea mara nyingi?"

"Usiku kucha."

"Fundi, wakati amenyamaza, unaisikia pumzi yake?"

Hakuwa amewahi kuisikiliza pumzi. Siku zote alikuwa amefurahi tu kwamba kelele imekoma.

Walilifungua pazia kidogo. Sumaku hakuwa amelala chali wala ubavu. Alikuwa ameketi kitandani na miguu imekunjwa, ameinama mbele, paji la uso juu ya ule mto mnene.

"Hulala hivi?" aliuliza Sista.

"Tangu zamani. Tunasema anajikunja kama shuka."

"Huenda anatafuta namna ya kupata hewa. Tazama kifua chake."

Mkoromo ulikatika. Kifua cha Sumaku kilijitahidi kupanda, tumbo likavutwa ndani, lakini hewa haikupita. Kisha mwili ukashtuka, na hewa ikaingia kwa kishindo. Mama alishika pazia kwa mikono miwili.

Sista alirudi kwenye benchi, Mama kwenye cherehani.

"Siwezi kukwambia ni nini kwa kusikiliza tu," alisema Sista. "Hilo ni la kupimwa. Lakini nakwambia ninachokihofia. Anapokoroma, hewa inapita kwa shida. Anaponyamaza, huenda haipiti kabisa. Koo limejifunga. Mwili unaogopa, unamwamsha kidogo ili avute pumzi. Asubuhi hakumbuki kitu."

"Kwa hiyo usiku wote halali?"

"Analala kama mtu anayegongewa mlango kila akifumba macho. Mtu wa namna hiyo lazima asinzie mchana. Lazima kichwa kimuume. Lazima anune."

Mama alizitazama nyayo zake juu ya kanyagio.

"Nami nilikuwa nasimama ili nisimwamshe."

"Umesimama, na ndiyo maana tumejua. Ungekuwa unashona tu, nisingesikia chochote. Nyumba nzima hii, wewe ndiye uliyemsikiliza."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Alikuwa amesikia.

"Sista, sisi tulidhani ndivyo walivyo."

"Wengi hudhani hivyo, Mjomba. Mtu mwenye hali ya Down akisinzia, watu husema ni hali yake. Akinuna, ni hali yake. Akiacha kusikia vizuri, ni hali yake. Kumbe ana ugonjwa wa kawaida unaotibika. Hali ya Down si ugonjwa. Sumaku alizaliwa nayo na ataishi nayo. Lakini ndani yake yapo magonjwa yanayopenda kumtembelea kuliko yanavyonitembelea mimi na wewe."

"Kama yapi?"

"Kama hili la koo kujifunga usingizini. Njia zao za hewa huwa nyembamba, na misuli ya koo hulegea. Yapo ya moyo, ya masikio, ya macho. Ipo tezi hapa mbele ya shingo, inaitwa thairoidi. Ikizembea, mtu huchoka, hunenepa, husikia baridi. Kwa macho utasema ni mvivu. Ndiyo maana wanatakiwa kupimwa kila mwaka, hata kama hawalalamiki."

Mama aliuliza jambo lililokuwa limemkaa moyoni.

"Na kwa nini yawatembelee wao?"

"Mwilini mwetu tuna kitu kama nyuzi ndogo sana za urithi. Ndizo zinazoamua urefu wetu, rangi yetu, sura zetu. Sumaku alizaliwa na uzi mmoja zaidi."

"Uzi mmoja tu?"

"Mmoja tu. Si kosa lako wala la mtu. Lakini wewe fundi unajua, uzi mmoja ukizidi, nguo nzima hukaa kwa namna yake. Inakaaje hasa, bado hatujajua yote. Ndiyo maana hospitalini kwetu tumeanza utafiti. Tunawapima watu wazima wenye hali ya Down, usingizi wao na tezi zao. Ningependa kumuuliza Sumaku kama atakubali kuwemo."

Uso wa Mama ulibadilika.

"Hapana, Sista. Nakuheshimu, lakini mwanangu si kitambaa cha kujaribia mkasi."

Sista hakukasirika.

"Una haki ya kuuliza. Fundi, sare za shule nzima ungezikata kwa kipimo cha mtoto mmoja?"

"Nani atakuwa fundi wa hivyo?"

"Sasa sikiliza. Muda mrefu watu kama Sumaku wamekuwa wakitibiwa kwa kipimo cha watu wengine, kwa sababu hawakuhesabiwa walipokuwa wakipimwa wengine. Zamani wengi walikufa wangali watoto. Leo wanaishi, wanafanya kazi, wanazeeka. Sisi hatujui vya kutosha namna ya kuwatunza wakiwa watu wazima. Utafiti ni kuuliza swali kwa utaratibu, kwa watu wengi, mpaka jibu lisiwe la kubahatisha. Huu wetu haumpi dawa mpya ya kujaribu. Ni vipimo tu."

"Na tukikataa?"

"Mkikataa, bado nitawasindikiza kliniki ya kawaida. Matibabu yake hayategemei utafiti. Na kuanzia leo, mto huo mnene uondoe, ujaribu kumlaza ubavu. Hilo si dawa, lakini linaweza kusaidia wakati tunangoja."

Pazia lilifunguka. Sumaku alitokeza kichwa, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mnanisema."

"Tunakusema, mwanangu," alikiri Mama.

"Basi nisemeni mbele yangu."

Alikuja, akakaa katikati ya benchi, akachukua kikombe cha Sista na kunywa chai iliyobaki.

*

Hospitalini, Sista alimpokea Sumaku katika chumba kidogo chenye dirisha. Mama na Mjomba walikaa kando. Sista aliketi mbele ya Sumaku, si mbele ya Mama, akamwonyesha picha moja moja.

"Huu ni mkanda wa kifuani. Unahesabu pumzi. Hiki ni kibanio cha kidole. Kinawaka taa nyekundu. Huu ni mrija, unakaa chini ya pua. Utalala navyo usiku mmoja hapa, mama yako kitanda cha pili."

"Vinauma?"

"Haviumi. Vinaudhi kidogo."

"Kama Mjomba."

"Kama Mjomba."

"Mimi nipo hapa," alisema Mjomba.

Picha ya mwisho ilikuwa ya sindano na kichupa cha damu. Sumaku aliigeuza ikaangalia chini.

"Hii hapana."

Mama alianza kusema, "Lakini Suma, ni kidogo tu," Sista akamtazama kwa upole, na Mama akanyamaza.

"Umesema hapana, nimesikia," alisema Sista. "Damu ni ya kupima tezi. Leo tunaiacha. Sasa niambie kwa maneno yako, utafiti huu unataka nini?"

Sumaku alifikiri. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

"Mnataka kujua usingizi wangu. Na wa wenzangu. Halafu mjue dawa ya wote."

"Na ukichoka katikati?"

"Nasema basi."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utaacha. Na usininunie."

"Sitakununia."

Sumaku aliandika jina lake kwenye karatasi ya kukubali, herufi kubwa, polepole. Mama alisaini chini yake.

*

Asubuhi baada ya usiku ule wa kupimwa, daktari wa usingizi aliwaita. Kwenye meza alitandaza karatasi ndefu yenye mistari. Mistari ilipanda na kushuka kama mshono wa zigizaga. Kisha mahali fulani ilinyooka kabisa. Ikapanda tena. Ikanyooka tena.

"Hapa anapumua," alisema daktari. "Na hapa, paliponyooka, pumzi imezibwa."

Mama alipitisha kidole juu ya sehemu zile zilizonyooka. Zilikuwa nyingi kuliko alivyotaka ziwe.

"Hapa ndipo nilipokuwa nasimama," alisema taratibu.

Daktari hakuelewa, lakini Sumaku alielewa. Aliegemeza bega lake kwenye bega la mama yake.

Mjomba alikohoa. "Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Sasa nimewaamini."

Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo unaweza kuumiza moyo ukiachwa. Alimchunguza koo. Mafindofindo hayakuwa makubwa ya kuhitaji upasuaji. Akapendekeza mashine ndogo ya kupuliza hewa. Mtu huvaa kifuniko puani akilala, na hewa ile hulizuia koo lisijifunge. Hospitali ilikuwa na mashine za kuazima.

"Atavaa?" aliuliza daktari.

"Muulize mwenyewe," alisema Mama.

Sista, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliangalia chini na kutabasamu.

*

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Sumaku aliiita mashine ile Mkonga, kwa sababu ya mrija wake mrefu. Alikivaa kifuniko, akakivua. Alikivaa tena, akakitupa chini ya kitanda. Mikanda ilimkwaruza mashavuni mpaka pakawa pekundu.

"Mkonga ananiuma," alilalamika. "Mrudisheni kwao."

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Mama alijua, na Sumaku alijua. Kila asubuhi Sumaku aliuliza, "Bi Dobi amepata mwingine?" Na kila asubuhi Mama alijibu, "Bado."

Sista alipita jioni moja kuwaangalia.

"Msimlazimishe usiku akiwa na usingizi," alishauri. "Avae mchana kwanza, akiwa macho na furaha. Dakika chache. Azoee kama mtu anavyozoea viatu vipya."

Basi Sumaku akawa anamvaa Mkonga akisikiliza redio. Akamvaa akiokota pini. Mjomba naye alijifunga mrija wa zamani wa maji puani, akapita uani akilia kama tembo. Mteja mmoja aliyekuwa na povu la sabuni kidevuni alimfuata akiuliza kama atamaliziwa ndevu leo au kesho. Sumaku alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa siku nyingi hajacheka hivyo.

Mama aliichunguza mikanda kwa jicho la fundi. Aliupapasa mshono mgumu uliokuwa unakwaruza. Akatoa kitambaa laini cha pamba, akashona vifuko vyembamba na kuivisha mikanda ile. Akamfunga Sumaku, akapitisha kidole kati ya mkanda na shavu, kama anavyopima ukosi wa shati.

"Unabana?"

"Haubani."

"Unakwaruza?"

"Unanibembeleza," alisema Sumaku.

Usiku ule Mkonga hakutupwa chini ya kitanda.

Asubuhi iliyofuata, Sumaku alitoka nyuma ya pazia kabla hajaitwa. Alikuwa na alama za mikanda usoni na macho yamefunguka vizuri. Alikunywa chai yake yote. Akala mkate. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mama, twende kwa Sista. Ile sindano."

"Sindano? Wewe si ulikataa?"

"Nilikataa nikiwa na usingizi. Sasa niko macho. Lakini nitahesabu mimi."

Alihesabu yeye. Alifika tatu, akasema, "Tayari?" Sista akamjibu kwamba imekwisha.

Majibu yalisema tezi yake ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mama alidhani basi, jambo hilo limefungwa.

"Halijafungwa," alisema Sista. "Leo iko vizuri. Mwakani tutaiuliza tena. Tezi hizi hazipigi hodi."

Mwezi ulikuwa haujaisha Sumaku aliporudi kazini. Bi Dobi hakumpa pasi. "Kwanza nikuone," alisema. Akamtazama wiki nzima. Sumaku alikunja asubuhi, akakunja mchana, na jioni bado alikuwa anaita. Sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Vuta! Kunja! Njoo!"

Siku ya mwisho ya wiki Bi Dobi alimwekea pasi mbele yake, pamoja na lile shuka lenye alama ya kahawia. Alikuwa amelitunza.

"Hili tutalitumia kufunika meza ya pasi," alisema. "Anza nalo."

"Asante, bosi," alisema Sumaku. Na safari hiyo alikuwa amemwambia bosi kweli.

*

Msimu ulipita na mwingine ukaja. Siku moja ya mapumziko, jioni, Sista alibisha hodi. Hakuja na nguo ya kushonwa. Alikuja kumweleza Sumaku walichokipata.

"Nimekuja kwako kwanza," alimwambia. "Majibu ni yenu kabla ya kuwa yetu."

Walikaa kwenye benchi la wateja. Mjomba alileta kiti chake cha kinyozi kutoka uani na kujitandaza humo kama mfalme.

"Tuliwapima wengi," alisema Sista. "Wengi wao walikuwa na tatizo kama lako, na nyumbani walikuwa wanaitwa wavivu. Wengine usingizi wao ulikuwa mzuri, lakini tezi zao zilikuwa zimezembea. Sasa hao wanatumia kidonge kila siku. Kuanzia sasa, mtu mwenye hali ya Down akija kliniki yetu, tutamuuliza anavyolala, hata kama amekuja kwa kikohozi. Bado yapo mengi hatuyajui. Tutaendelea kuuliza."

Sumaku alifikiri.

"Usingizi wangu umewafundisha."

"Umetufundisha."

"Basi mimi mwalimu. Nililala tu, nikawa mwalimu."

"Wengine tumesoma miaka mingi na hatujawa," alisema Mjomba, na Mama akamtupia kipande cha kitambaa.

Sista alisimama kuaga. Mama alimshika mkono, kisha akaukunjua ukosi wa sare yake uliokuwa umepinda na kuulaza vizuri.

"Siku hizi naisikia cherehani yako nikipita alfajiri," alisema Sista. "Haisimami tena."

"Inasimama uzi ukikatika tu," alisema Mama.

Sumaku alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Aliushika mlango, kisha akamwita Sista aliyekuwa amekwisha kufika njiani.

"Sista. Uje tena kututembelea."

"Nitakuja. Kesho asubuhi nitapita."

Sumaku alitikisa kichwa.

"Asubuhi usije," alisema. "Asubuhi niko kazini."